Zamu ya Shangazi

Kiwandani walimwita Shangazi, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa: wenzake wote wa laini yake ya mashine walikuwa wamezaa, yeye akabaki kuwapakatia watoto. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya vifungo kwenye vishati vya watoto wachanga, matundu madogo kama jicho la kuku.

Enzi hizo msimamizi alikuwa na daftari. Kila laini, wajawazito wawili tu kwa wakati mmoja; wengine wasubiri zamu, na atakayebeba nje ya zamu aage mashine yake. Subira huvuta heri, alizoea kusema. Shangazi akasubiri miaka minne. Zamu ilipomfikia, akiwa na miaka ishirini na tisa, rafiki yake wa mashine ya jirani alimvuta hadi chooni, akamwambia ameshashika mimba, ya miezi miwili, na mumewe hana kazi. Alilia mpaka akatapika. Shangazi akaenda mwenyewe kwa msimamizi. Jina lake likakatwa, la rafiki yake likaandikwa juu yake.

"Mtoto haendi popote," alimwambia mumewe jioni ile.

Mume alingoja mwaka mmoja, kisha akaenda kuoa pasipo na daftari. Zamu iliporudi, hapakuwa na mume. Alipopata mwingine, hapakuwa tena na umri.

Mwaka huu oda za vishati zimepungua nusu, maana wa kuvivaa hawazaliwi. Jumatatu msimamizi mpya alisimama katikati ya laini akalichana lile daftari mbele ya macho yao. Zamu basi, alisema; zaeni, kampuni itatoa likizo ndefu na kitanda cha mtoto. Wakongwe wakatazamana. Vijana wakacheka.

Aliyecheka zaidi ni binti wa rafiki yake, yuleyule aliyezaliwa kwa zamu ile, sasa ana miaka ishirini na miwili na mashine yake mwenyewe.

"Nizae alee nani? Mama kalea watano, mgongo wake si mnauona? Zamu yangu, Shangazi, chukua wewe."

Laini nzima ikaangua kicheko. Binti hakuwahi kuambiwa alizaliwa kwa zamu ya nani.

"Niliwahi kuwa nayo, mwanangu," Shangazi alisema. "Nikaigawa."

Akavuta kishati kingine, akatoboa tundu, akapuliza nyuzi. Pembeni yake rafiki yake alikuwa ameinamia mashine, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hakuna kitambaa.