Mama Alipokatazwa Kushika Waya

Mama alipofanywa meneja wa mradi, nyumba yetu ndiyo iliumia kwanza. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha chai, mtu wa kutambaa chini ya meza akitafuta waya iliyotafunwa na panya. Alikuwa akirudi na vumbi kwa nywele na vituko vya kutuchekesha. Sasa anarudi na maneno tu. Ukimwambia mtandao wa nyumba umekufa, anauliza, "Hiyo taarifa umempelekea nani?"

Nimekupelekea wewe, mama. Uko hapa mbele yangu unakula ugali.

"Kazi yangu siku hizi si kutengeneza," akanieleza. "Ni kuhakikisha imetengenezwa."

Nikamwuliza kama na mimi naweza kuhakikisha vyombo vimeoshwa. Aliniangalia jicho moja tu, nikaenda nikaosha.

Hayo ningevumilia. Kile ambacho hakijashuka kooni mpaka leo ni mambo ya senta.

Senta ni kile kibanda cha mabati ambapo wakulima wa huku kwetu, karibu na Litein, hupeleka majani chai yapimwe kabla lori halijayabeba kwenda kiwandani. Mradi wa kwanza wa mama ulikuwa kuweka mizani mpya, ile inayotuma kilo zako kiwandani hapo hapo. Ile ya zamani iling'olewa siku moja kabla mpya kuanza kazi na kubebwa, kwa sababu bosi wake alitaka mambo yaonekane yanakwenda. Na huyu ni mama aliyenifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba hung'oi cha zamani kabla kipya hakijawaka. Cheo kinasahaulisha, aki.

Siku hiyo ya kuanza nilikuwa likizo, kwa hivyo nilichuna na kogo, nyanya yangu, aliyemzaa baba. Kogo huamka mapema kushinda jogoo, kwa sababu kwa senta wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupimiwa. Tulichuna na umande, tukachambua majani magumu tukayatupa, mazuri tukayajaza kwa gunia, tukaliweka karibu kabisa na mizani. Karani akabonyeza. Kwa kioo kikatokea kaduara kanazunguka. Kakazunguka. Kakaendelea kuzunguka.

Mama alikuwa hapo, viatu vinang'aa, simu kwa sikio. "Dakika tano tu, watu wangu. Fundi wa kampuni iliyoleta mashine ameshatoka Nakuru."

"Madam," akaita mzee mmoja jirani yetu, mtu wa kutoka Kisii, "hiyo mashine yako imefunga na kuomba? Basi itwambie inaombea nini, tuisaidie!"

Watu walicheka. Kogo pia alicheka. Lakini jua lilipanda, dakika tano zikazaa zingine, na kicheko kikaisha.

Kama hujawahi kuchuna chai, nikwambie: majani yakishindiliwa kwa gunia yanajipika yenyewe. Hayangoji moto wa mtu. Wenzetu waliofika nyuma waliyatandaza kwa nyasi kivulini. Sisi tulikuwa wa kwanza, mizani iko puani, na kila tukishika gunia tulimwage mama anasema, "Kogo, wacha tu, inafunguka sasa hivi." Kogo akaamini. Ni mkaza mwana wake, na kwa miaka yote hiyo hakuna kitu mama alisema kitawaka kikakosa kuwaka.

Nikaingiza mkono kwa gunia. Ulikuwa joto kama mdomo wa ng'ombe.

"Mama, fungua hilo boksi la mashine!" nikapiga kelele mbele ya senta nzima. "Si unajua shida ni nini?"

"Najua."

"Sasa?"

"Mimi siruhusiwi. Watu wa kampuni pekee ndio wanafungua. Nikiligusa, hawatalitengeneza tena likiharibika."

"Kwa hivyo unasimamia nini hapa? Kaduara?"

Kuna mtu aliguna. Mama aliniangalia, na nilijua nikifika nyumbani nimekwisha, lakini nilikuwa na hasira ya kuuma mti. Mikono ya kuponya hiyo mashine ilikuwa imeshika simu!

Fundi akapiga kusema gari limemharibikia Londiani. Mama alikata simu. Alimwomba dereva wa lori bisibisi, akapiga magoti na sketi yake ya ofisi, akafungua boksi, akachomoa waya hii akachomeka pale. Kaduara kakatoweka. Namba zikatokea. Watu wakapiga makofi kama kanisani.

Mimi sikupiga.

Karani akaita gunia letu kwanza, kama kawaida. Akatia mkono, akautoa haraka. "Kogo, hii imeiva. Imeshakuwa nyekundu chini. Haiendi."

"Mwambie aichukue," nikamwambia mama. "Wewe si ndiye meneja?"

"Ikienda, itaharibu ya watu wote kwa lori," akasema polepole. Na alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Yaani alingoja mpaka majani yetu yameharibika ndipo akaanza kuwa sawa.

Kogo hakugombana. Alifunga gunia, akanipa upande mmoja, tukaondoka huku waliofika nyuma yetu wakipimiwa. Kule shambani tukaanza kumwaga chini ya michai, iwe mbolea. Majani yalikuwa yananuka tamu, na hilo pia lilinikasirisha.

Baadaye kidogo mama akatokea kati ya mistari, viatu mkononi. "Bosi amenipigia," akasema. "Anataka kujua nani aliniruhusu."

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba nilichelewa."

Kogo hakuinua kichwa. "Mama wa huyu," akasema, "shika gunia pale chini. Hili toto lako linamwaga vibaya."

Mama akashika. Nikamwachia upande ule mzito.