Mshale wa Saba Juu ya Gunia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani miaka yote hii, na Jumapili iliyopita mlinirudisha pale pale bila kujua. Mlikuja Mutuini na pinde zenu, wewe na dada yako Wangari na yule Jas wa Parklands, mjukuu wa rafiki yangu Surjit, mkafungua msimu wenu wa kulenga kule shamba la chini. Swara wenu mliyemshona kwa godoro kuukuu nilimpenda, hasa yale macho ya vifuniko vya soda, ingawa miguu ile ni ya mbuzi na hilo nitalisema mpaka nife. Mlipomaliza niliwaambia kila mtu alaze mishale yake sita juu ya gunia mlangoni kabla ya chai. Mkacheka, mkasema Guka, babu yenu, ameanza mambo yake. Wewe ukalaza sita, nikaitazama, nikasema haya, karibuni ndani. Leo nataka kukwambia lile gunia lilianzia wapi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, na uwindaji ulikuwa haujapigwa marufuku. Mjomba wangu Nzioka, kaka yake mama, alikuwa ametoka Machakos akaja kukaa nasi hapa hapa Mutuini. Siku za kazi alikuwa fundi wa mbao mjini. Siku ya mapumziko alikuwa mtu wa upinde, kama baba yake na babu yake. Vichwa vya mishale alivitengeneza kwa misumari ya inchi sita, akiipasha moto na kuiponda mpaka ikawa bapa, na makali yake ungeweza kunyolea ndevu. Misumari yenyewe aliinunua katikati ya mji, duka la babake Surjit, ambako mimi niliajiriwa kupanga mikebe ya rangi na kubeba saruji. Ndiko tulikojuana, mimi na Surjit. Yeye alikuwa mtoto wa mwenye duka na mimi mbeba mizigo, lakini tulipoanza kuzungumza habari za paa na swara, hilo tulilisahau wote wawili.

Mjomba alikuwa na kibali chake cha kuwinda, amekikunja ndani ya kofia, na alikuwa na sheria zake ambazo hazikuandikwa kwenye kibali. Msimu wake ulifunguliwa na baridi ya Julai, mahindi yakishavunwa, paa wakianza kutoka msituni kutafuta majani ya maharagwe yaliyobaki. Sumu hakutaka kuisikia karibu na nyumba za watu. Mnyama akikutazama usoni humpigi, unangoja ageuke ubavu. Na tukirudi nyumbani, kabla mtu hajanawa mikono, kila mmoja analaza mishale yake yote juu ya gunia mbele ya mlango. Mmoja ukikosekana hakuna chai, sote tunarudi kuutafuta, hata ikiwa ni mpaka jioni. Kila mtu alikuwa na alama yake, imechomwa kwa waya wa moto karibu na manyoya. Yangu ilikuwa mistari mitatu.

Msimu huo mjomba aliniahidi kitu. Upinde niliotumia ulikuwa wa kuazima, na yeye alikuwa amechonga mmoja mpya, mrefu, mweusi, akauning'iniza juu ya mlango wa jikoni ambapo ningeuona kila nikienda kula. Akasema nikimaliza siku ya kwanza kama mtu mzima, utakuwa wangu. Mwanangu, niliutamani ule upinde kuliko nilivyowahi kumtamani msichana yeyote, na nyanya yako akisikia hayo mwambie hii ilikuwa kabla sijamwona.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu na yale manyunyu ya Dagoretti ambayo unayajua, yasiyonyesha na yasiyoacha. Mjomba alitupanga bondeni, mimi huku, Surjit kule, yeye ng'ambo ya kijito. Tulikaa mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha paa akatoka kichakani, dume dogo, akasimama mbele yangu mwendo wa hatua thelathini. Akanitazama. Nilijua kabisa natakiwa kungoja ageuke. Lakini niliuona ule upinde mweusi, nikajiona nikirudi nyumbani na paa begani, na mama akipiga vigelegele, na Surjit akihadithia duka zima. Nikaachia. Mshale ukapita juu ya mgongo wake, ukatokomea ndani ya nepia ya jirani, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, na paa naye akaenda zake.

Hakuna aliyeona. Hilo ndilo lililoniponza. Ningekuwa nimeonwa, ningechekwa, tungeutafuta, yangeisha. Niliutafuta peke yangu kidogo, kwa haraka haraka, huku nikiogopa mjomba asije akanikuta. Nepia ilikuwa imenipita kimo na imelowa chapa. Nikauacha. Nikajiambia ni mshale mmoja tu, umeingia ardhini, nani ataujua.

Na nilikuwa na hila yangu. Chini ya kitanda changu kulikuwa na mshale niliotengeneza mwenyewe nikijifunza, wenye mistari mitatu ile ile. Tulipofika nyumbani, mikono mitupu sote, nilijifanya naenda kuvua koti. Nikarudi nikalaza sita juu ya gunia, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu asiye na deni na dunia.

"Muturi, uliona kitu?" mjomba akaniuliza.

"Sikuona kitu, Mjomba."

"Hukupiga?"

"Sikupiga."

Akaitazama ile mishale kwa muda. Akaokota mmoja, akaupitisha kati ya vidole, akaurudisha. Kisha akasema tunawe. Moyo wangu ukatua. Surjit alikuwa tayari amekaa karibu na meko, akiomba githeri kabla hajakaribishwa, maana mama alimpenda na yeye alilijua hilo vizuri.

Mama akatumiminia chai. Halafu, nikiwa na kikombe mkononi, nikamwona anachukua panga na kamba. Akasema ng'ombe hajala tangu asubuhi, na Mama Njeri, jirani yetu, amemruhusu akate nepia yake ile ya bondeni.

Sikiliza hapa, mwanangu, maana ndipo mahali penyewe. Nilikuwa na nafasi. Kutoka meko hadi lango ni hatua ishirini, na mama hakuwa mtu wa kukimbia. Nilisema moyoni, akifika kwenye kuku nitamwambia. Akapita kuku. Nikasema akifika langoni. Akafungua lango, akalifunga. Surjit alikuwa anahadithia jambo la kuchekesha, na mimi nikacheka. Nilicheka, mwanangu. Nikajidanganya kwamba nepia ni kubwa na mshale ni mdogo, nikanywa chai yangu mpaka chini.

Mama alirudi upesi kuliko kawaida, bila mzigo. Mkono wa kushoto alikuwa ameufunga kwa kitambaa cha kichwa, na kitambaa kilikuwa chekundu. Mkono wa kulia ulikuwa na mshale. Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja kwenye gunia, akauweka kando ya ile sita yangu.

"Nilishika nepia nikate, nikashika huu," akasema. "Ni wa nani?"

Mistari mitatu ilionekana wazi. Juu ya gunia kulikuwa na mishale saba ya mtu mwenye mishale sita.

Surjit ndiye aliyekuwa na akili siku hiyo. Alikimbia mpaka barabarani, akapata simu dukani, na babake akaja na pikapu kutoka mjini akampeleka mama hospitali huko Parklands, karibu na kwao. Walimshona vizuri. Lakini mshale ulikuwa umekata kitu ndani ya kiganja, na vidole viwili, hiki na hiki, havikukunjika tena sawasawa mpaka alipofariki. Mama yangu alikuwa msusi wa viondo, vile vikapu vya katani. Wanawake walitoka mpaka Kikuyu kuja kununua vyake.

Walipoondoka na pikapu, mjomba alibaki nami. Nilimngoja anipige, na kusema kweli nilitamani anipige. Alichukua ule mshale wa chini ya kitanda, akanipa niushike.

"Huu ni mkavu," akasema. "Hii ingine yote imelowa. Niliona mara ya kwanza."

Nikalia.

"Kukosa paa si kitu. Mimi nimekosa wengi sana. Kusema uongo pia nimewahi, kwa sababu ya aibu. Lakini wewe ulimwona mama yako anabeba panga anaenda mahali unajua kuna chuma, na ulikuwa na mdomo." Sauti yake ikabadilika. "Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, nikajiona mjanja. Sikufikiria nepia. Dada yangu akirudi nitamwomba msamaha mbele yako, na wewe utamwomba mbele yangu."

Na alifanya hivyo. Mtu mzima wa heshima zake, alivua kofia mbele ya dada yake mdogo, kile kibali kikaanguka chini, hakuna aliyekiokota. Nami nikasogea, zamu yangu. Mama akanivuta kwa ule mkono mzima, akaniambia nikate nepia kabla ng'ombe hajavunja boma. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na mpaka leo sijawahi kupewa mwingine mzito kama huo.

Upinde mweusi uliteremshwa kutoka juu ya mlango, sikuuona tena msimu huo wala uliofuata. Badala yake nilipewa kazi ya vidole vya mama. Yeye alisuka kwa vidole vilivyobaki, mimi nilimsokotea nyuzi za katani pajani, kijana wa miaka kumi na minane, mbele ya wasichana wote wa Mutuini waliokuwa wakipita makusudi kuniona. Surjit naye alikuwa akija Jumapili kunicheka, kisha anakaa anasokota pia, vibaya sana. Kiondo cha kwanza mama alichomaliza baada ya jeraha ndicho kile kilichoko ukutani kwangu, ambacho Wangari huniuliza kwa nini mstari wake umepinda. Sasa unajua. Watu walitaka kukinunua, mama akakataa, akanipa mimi.

Turudi Jumapili, mwanangu. Manyunyu yalikuwa yale yale. Mishale yako mitano ilikuwa na maji na majani ya nyasi. Wa sita ulikuwa mkavu, na kile kikaratasi cha duka la mjini kilikuwa bado kimeng'ang'ania kwenye manyoya yake ya plastiki. Nilipokuuliza, ulinijibu, "Guka, zote ziko. Hakuna imepotea," na ukaangalia pembeni kama nilivyoangalia mimi. Nilikaribia kucheka na nilikaribia kulia. Sikukukasirikia hata kidogo. Nilimwona kijana ninayemjua.

Lakini sikurudia kosa la mjomba. Kabla hamjafika barabara kuu nilikuwa nimetia kufuli kwenye shamba la chini. Mama Shiku anayekata nyasi pale kila siku nimemwambia apumzike, na ng'ombe anakula nyasi kavu za kununua, analalamika kama mwenye nyumba. Nimekungoja Jumatatu, Jumanne, mpaka leo, upige simu useme. Ningeweza kungoja zaidi, kwa sababu lango limefungwa na hakuna mkono utakaoguswa. Nimeona tu kwamba mzigo huu unaubeba peke yako, na mimi najua uzito wake, ndiyo maana nimekuita.

Basi neno langu kwako ni hili. Ukikosa, sema umekosa, mapema, kabla chai haijamiminwa. Aibu ya kusema ni ya kitambo kidogo, wenzako watacheka na kesho watasahau. Ila kitu chenye makali ukikiacha nyuma yako, hakikungoji wewe, kinamngoja yeyote atakayepita, na mara nyingi anayepita ni yule anayekutafutia chakula. Usihesabu hatua za mtu mpaka langoni. Inuka akiwa bado kwenye hatua ya kwanza. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mzee, ukimwona kijana amelaza mshale mkavu, mpe nafasi ya kusema, lakini kwanza funga lango.

Surjit yuko njiani anatoka Parklands na nyonga yake mbovu, anasema hawezi kukosa. Gunia nimelitandika mlangoni, na chai iko motoni lakini haimiminwi. Ufunguo uko ndani ya kiondo cha mama, ukutani, upande wa ule mstari uliopinda. Uchukue kwa mkono wako. Mungu akulinde, mwanangu, akupe jicho la kuona ulichokiacha nyuma na moyo wa kukirudia, na mikono ya wanaokupenda ibaki mizima siku zote za maisha yako. Twende tukautafute.