Mwanabaraka Hataki Kufa Bila Kuoshwa

"Sinywi, wifi! Kila nikitia tone mdomoni, chini linatoka debe. Mnataka kunimaliza?"

"Basi kama hunywi, twende Bagamoyo, kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu."

"Huko ndiko siendi kabisa!"

Tangu alfajiri mpaka jua limepanda, ndiyo kazi yetu, mimi na wifi yangu Mwanabaraka, hapa kwake Mlingotini. Yeye kalala mkekani, miguu inamkaza, macho yamedidimia. Ukimfinya ngozi ya mkono, inabaki imesimama vilevile. Binti yake Yasmini kakaa pembeni na bakuli la maji ya chumvi na sukari, machozi yanamtiririka.

Huyu ndiye mwosha maiti wetu. Miaka thelathini, hakuna mwanamke aliyezikwa hapa kijijini bila kupita mikononi mwake. Na akiosha humsemesha maiti, kama anaogesha mtoto: "Geuka kidogo, mama, tunamalizia." Nilizoea kuwaambia watu kwamba siku moja maiti alimjibu, akalalamika maji ya baridi. Aliyecheka kupita wote ni yeye mwenyewe.

Juzi alimwosha Chausiku, aliyekufa kwa kipindupindu. Bwana afya alikataza. Mwanabaraka akafunga mlango wa uani, akamkamua tumbo kama desturi ilivyo, mikono mitupu. Alipomaliza akaisuuza kwa maji matupu, akala muhogo aliotengewa. Jana jioni kikamshika.

"Nesi kanieleza," nikamwambia. "Hao wadudu wa kipindupindu hawakuli nyama, wifi. Wamekaa tu utumboni wanatema sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoulazimisha utumbo umwage maji yote ya mwilini. Utakufa kwa kukauka! Yanayotoka lazima yarudishwe, hata ukitapika, unakunywa tena kidogo kidogo."

"Nesi ndiye kasema, au wewe? Wewe uliyeapa papa alitoka baharini Mbegani akaingia msikitini?"

"Hilo niliongeza. Aliishia kwenye kutawadha."

"Shangazi!" Yasmini akanikemea.

Siku nyingine Mwanabaraka angecheka mpaka ajishike mbavu. Leo hata mdomo haukumcheza. Nikaogopa.

"Wallahi, wifi, hili la sumu sikuongeza kitu. Uongo wangu wote uliusikiliza, ukweli mmoja unaukataa?"

Akanishika mkono. Vidole vyake baridi, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa.

"Kambini ukifa wanakutia kwenye mfuko, wanakupulizia dawa, wanavuta zipu. Mwosha huoshwa, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi nani ataniosha? Niacheni nife hapa, uniogeshe wewe."

"Mimi sijui. Nitakuacha na povu masikioni."

"Yasmini atakumiminia maji."

"Na keshokutwa Yasmini alale mkeka huuhuu? Wadudu umewatoa kwa Chausiku, sasa unataka umrithishe mwanao?"

Akamgeukia binti yake. Akamtazama muda mrefu, pumzi zikimpaa.

"Lete hilo bakuli," akasema.

Akameza mafunda mawili, moja likarudi lote. Yasmini akamfuta, akamnywesha tena. La tatu likakaa.

"Nitakwenda," akanong'ona. "Lakini uniahidi, wifi, na usiniongezee neno. Nikifia huko, kabla hawajavuta zipu, uwaambie wanimiminie maji kwanza, na wanisemeshe."

Mlango ukasukumwa. Akaingia Shamsudin, bwana afya, mipira ya mikono imempanda mpaka kwenye viwiko, bomba la dawa mgongoni.