Sahihi ya Dereva na Msumeno

Mjukuu wangu hufanya kazi ya kompyuta. Juzi ananieleza ati kuna alama ambazo mashine ikiziona haizisomi, inazitii. Nyota ni amri, nukta ni amri. Ukitaka nyota ibaki nyota, unatanguliza kijistari kilichoegemea nyuma. Nikamwambia, wee mtoto, hiyo vita nimepigana mtaani Mbotela nikiwa bado na nywele.

Tulikuwa karakana ya mbao. Wengi tulitoka Ukambani, shule tuliipita kwa nje, kwa hivyo tulielewana kwa chaki. Duara, toboa. Mkasi, yaani mistari miwili iliyokatana, kata hapa. Mkataji hakuuliza, akiuona anashusha msumeno. Mtu huyo alikunywa chai ya wenzake miaka yote, lakini hayo tuyaache.

Akaja mjane wa dereva. Mumewe hakujua kuandika. Maisha yake yote sahihi yake ilikuwa mkasi huohuo. Alitaka uchongwe kwenye ubao wa kaburi, na mazishi ni Jumamosi. Mbao alileta mwenyewe: milango miwili ya kabati la marehemu. Nikachora mkasi kwenye mmoja, nikaenda kunywa uji. Kurudi, mlango vipande viwili.

"Umefanya nini wewe?"

"Umeandika kata, nimekata. Ulitaka niuimbie?"

Ukabaki mlango wa pili. Mwenye karakana akaogopa. "Mama, tuandike jina tu, yaishe."

"Jina aliitwa na watu," mjane akasema. "Hii aliandika yeye."

Nikachukua chaki. Nikachora mkasi tena, na mbele yake nikavuta mstari mmoja ulioegemea. Nikawaambia wote: mkiona mstari huu, kinachoufuata si amri, kiacheni kilivyo.

Mwenye karakana akafoka. "Hapa mkasi ni kukata! Sheria zako peleka kwenu Machakos."

"Basi kata wewe, mama akikuangalia."

Hakugusa. Msumeno ukaning'inia hapo ukutani, nami nikachonga bila kuinua kichwa, mkataji akipumua begani kwangu. Nilipomaliza nikaufuta ule mstari wa chaki kwa kiganja. Mkasi ukabaki. Mjane akaupitishia kidole, kwenda na kurudi.

Jumamosi, pale kaburini, mhubiri akanivuta kando. "Fundi, mbona mmemwekea marehemu alama ya kosa?"

"Si kosa, mhubiri. Hapo ametia sahihi."