Jiko Lenye Kifuniko

Nimechoka na moshi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mchoma nyama amekwenda kununua jiko jipya, wanadhani biashara imemnyookea. Mimi nilikwenda kwa sababu daktari wa zahanati alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia kifua changu kimezeeka kunizidi mimi mwenyewe. Niache kuchoma, ama niache kuvuta moshi. Kuchoma siwezi kuacha. Sijui kazi nyingine, na ng'ombe wa baba waliisha zamani.

Jiko langu lilikuwa nusu pipa, limekatwa kwa urefu, limechomelewa miguu ya nondo na kuwekewa wavu juu. Nimesimama mbele yake hapa Bugarama miaka kumi na tisa, nikiwachomea wafanyakazi wa mgodini wanaotoka zamu pamoja na wachimbaji wadogo wanaopita. Mafuta yakidondoka kwenye mkaa, moshi unanipanda usoni, na mimi nakohoa huku nageuza. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alisema Nyahanga, pale Kahama, kuna kijana anauza vyombo vinavyoachwa na wageni wanaorudi kwao, na majiko yenye vifuniko yapo.

Kijana alinipa shikamoo, akanionyesha matatu. La kwanza lilikuwa la udongo mnene uliochomwa, lina umbo la yai. Alisema ukilitia mkaa kidogo asubuhi, jioni bado lina moto. Nililipenda, sitadanganya. Nililipapasa kama mtu anayenunua ndama. Lakini linanyanyuliwa na wanaume wanne, na barabara ya kwetu ilivyo na mashimo, lingefika vipande viwili. Udongo ule ukipasuka hakuna fundi wa kuuziba.

La pili lilikuwa pipa refu lenye bomba, la kufukiza nyama. Nilimuuliza nyama inakaa humo muda gani. Akasema toka asubuhi mpaka alasiri, ndipo moshi unaingia vizuri. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nimetoka nyumbani kuukimbia moshi, na huyu ananiuzia moshi wa kutwa nzima. Tena mtu aliyetoka zamu ya usiku, njaa imemshika, umwambie arudi alasiri?

Nikachukua la tatu, la bati, la mviringo kama sufuria mbili zilizofunikana, lenye miguu mitatu na vitundu vya hewa juu na chini. Unasogeza mkaa pembeni, unaweka nyama katikati, unafunika, unakwenda kukaa mbali. Nilirudi nalo nimelipakata, nikijiona mjanja.

Ujanja wangu uliisha siku ileile. Nilikuwa nimesahau jinsi watu wetu wanavyokula nyama choma, mimi niliyewachomea miaka yote hiyo. Mteja anachagua nyama yake ingali inaning'inia, anaonyesha kwa kidole hapa ukate, kisha anaketi akiitazama mpaka iive. Haitazami kwa hamu tu. Anailinda. Anajua mchoma nyama akiachwa peke yake, ubavu ulioingia mnene utatoka mwembamba. Sasa nikawawekea kifuniko juu ya mali yao.

Kila mmoja alikuja kufunua. Walifunua kwa heshima, wakisema samahani mzee, nachungulia tu. Kila wakichungulia, moshi wote uliojikusanya ndani ulinipiga usoni kwa pamoja, na mkaa ukalipuka moto. Nyama ikaungua nje, ndani mbichi. Ndani ya wiki moja wengine wakahamia kwa jirani yangu mwenye nusu pipa. Nikakitupa kifuniko chini ya meza na kikohozi kikarudi mahali pake. Nilikasirika na wateja, na daktari, na mke wangu, na zaidi nilikasirika na mimi mwenyewe.

Alasiri moja akaja mteja wangu wa siku nyingi, mzee wa rika langu. Alikuwa akisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Mwakitolyo, mpaka vumbi la mawe likamwingia kifuani akaacha. Tulisalimiana kwa Kisukuma, akachagua ubavu wake, akaniangalia ninavyokohoa juu ya mkaa. Akauliza kifuniko ni cha nini. Nikamweleza yote, kuanzia daktari mpaka wale wanaochungulia.

"Funika," akasema. "Mimi sitachungulia."

Nilikiokota kifuniko lakini sikufunika. Aibu ilinishika. Zamani, siku ya mnada, watu walikuwa wengi nikaunguza nyama ya mtu mwingine, na ili nisigombane naye nilikata kipande kwenye ubavu wa huyu huyu mzee nikafidia. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Ningeweza kufunika nikanyamaza. Ila mtu ananisaidia nipumue, na mimi namlipa kwa kunyamaza?

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "kuna siku nilikukata nyama yako."

"Siku ya mnada. Niliona."

"Mbona hukusema?"

Alikohoa kwanza, kikohozi kirefu kikavu, kibaya kuliko changu.

"Ningesema ungekataa. Nikaona nikae nikulinde usinikate tena. Nimekulinda miaka yote hii, na sasa nimechoka. Funika hiyo nyama uje ukae."

Nikafunika. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, mara ya kwanza tangu nimjue. Tukakaa hivyo, tukikohoa kwa zamu, mpaka nyama ikaiva.