Programu Niliyoiapia

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: ile namba niliisoma wapi?

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Sirari. Juzi nilipakua programu ya kusomea nyaraka kwenye tovuti ya watengenezaji wake, nikaiweka kwenye kompyuta zote za ofisi. Jana tukasikia wadukuzi walivamia tovuti ileile na kubadilisha mafaili.

"Mwanangu, faili letu ni salama?" akauliza bosi wangu, Mama Bhoke, mbele ya madereva.

"Naapa, mama. Faili likiguswa, namba yake ya uhakiki hubadilika. Nimelinganisha na ya watengenezaji, zinafanana."

Nikatembea kifua mbele hadi jioni. Kumbe namba ya watengenezaji niliisoma kwenye tovuti hiyohiyo iliyovamiwa! Aliyebadilisha faili angeshindwa kubadilisha na namba? Nilimuuliza mwizi kama ameiba, akakana, nikamshukuru.

Asubuhi nilimkuta Mama Bhoke anataka kuingiza nywila ya mfumo wa forodha.

"Shikamoo mama. Usiandike."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nilichoapa jana sikijui."

Dereva Mkenya akaguna dirishani. "Sasa msomi, malori zitalala hapa?"

Nilipiga magoti chini ya meza, nikachomoa waya wa intaneti.