Maji Tuliyomwaga Buna

Wafula aliniambia nifunge mlango. "Funga mlango, Kyalo, vumbi litaingia kwenye chai." Hapakuwa na mlango, wala chai. Tulikuwa tumelala chini ya lori la doria katikati ya Buna na Bute, na tufani la vumbi lilikuwa limepita na kutuachia jua kali kuliko la jana yake. Alidhani yuko jikoni kwa mama yake kule Bungoma.

Jasho lilikuwa limemkauka tangu asubuhi. Nyinyi vijana mnaoingia jeshini sasa, shikeni hili hata kama mengine mtasahau: mwenzako akitoka jasho, bado uko naye. Jasho likikatika, ngozi ikawa kavu na ya moto kama bati la paa, na akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, huyo ameanza safari. Chupa yangu ilibaki na vifuniko viwili vya maji. Kimoja nikamtia mdomoni, kikamtoka pembeni. Cha pili nikammwagia kifuani. Alikufa kabla ya adhuhuri, mkono wake umeshika mkanda wangu.

Sasa nirudi nyuma, maana kifo hicho hakikuanzia chini ya lori.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Garissa. Nilikuwa na darasa la nane tu. Zama hizo kifua na miguu vilitosha. Tulivuka daraja la Tana saa sita mchana, na tuliposhuka nilishika bomba la lori nikaacha ngozi ya kiganja pale. Wafula alinicheka hadi akakaa chini, kisha akaruka juu akipiga kelele, kwa sababu mchanga nao ulimchoma makalio. Ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Aliyetupokea ni Sajini Mwachofi, Mtaita mwembamba aliyekuwa amezeekea kaskazini. Alitupanga juani akasema, "Mnamngoja adui mwenye bunduki. Huyo bado amelala. Huyu ameshaamka," akaonyesha juu kwa kidole.

Alitufundisha kazi ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote. Kunywa kabla ya kiu. Tazama mkojo wako: ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Bunduki usiipake mafuta mengi, maana vumbi hushikana na mafuta yakawa uji, na bunduki inakwama siku unayoihitaji. Mdomo wa bunduki uvishe soksi. Tufani likija, kaa, lipe mgongo, funika uso kwa kitambaa, na usiende popote hata kama unaijua njia.

Wafula akauliza, "Na mkojo ukikosa kabisa, afande?"

"Hapo niite, nimwandikie mama yako barua."

Tulicheka sisi wote.

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha. Kila kambi ilikuwa na bauza, lile lori la tangi linalobeba maji, na ndani ya tangi kulikuwa na maji ya doria. Maji hayo hupimwa kwanza, kabla ya kupika, kabla ya kuoga, kabla ya ofisi ya mkubwa. "Maji ya doria hayapigi saluti," Mwachofi alisema. Nilikaa Garissa, nikahamishiwa Ijara, ambako joto lina unyevu na mbu, na kote huko sikuona mtu akiivunja sheria hiyo. Kisha nikapandishwa kuwa koplo, wakanipeleka Buna pamoja na Wafula. Nikapewa ufunguo wa bauza.

Mkuu wa kambi ya Buna alikuwa Meja Lemondo. Nimelitaja jina na sitalifuta. Alikuwa mtu msafi sana, wa kupiga pasi hata kofia. Vumbi alilichukia kama tusi.

Asubuhi moja tukaambiwa mkubwa kutoka makao makuu anakuja kwa helikopta. Doria ya Bute ilikuwa iondoke siku hiyohiyo. Meja akaniita kwenye uwanja wa kutulia ndege, akapiga mchanga teke.

"Koplo, helikopta ikishuka hapa mkubwa ataonekana kama gunia la unga. Leta bauza. Lowesha uwanja wote."

"Afande, yaliyobaki ni ya doria."

"Bauza lingine linafika leo jioni."

"Doria inaondoka kabla ya jioni, afande."

Akaniangalia. "Umesoma hadi wapi, Koplo?"

"Darasa la nane, afande."

"Basi kufikiria niachie mimi."

Askari waliokuwa karibu wakaangalia buti zao. Mimi nikaenda nikaleta bauza. Mpira niliushika mimi. Nililowesha uwanja ule kutoka mwanzo hadi mwisho, na mchanga ulikunywa bila kushukuru.

Mwelekezi wetu, Abdinoor, mfugaji wa huko aliyejua kila kisima, alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Walaal, ndugu yangu, hii maji ni ya nani?"

"Ya mkubwa."

"Mkubwa atakunywa ardhi?" Akatazama mashariki, ambako mbingu ilikuwa na rangi ya kutu. "Fumbi inakuja. Leo hakuna ndege. Ambia yeye."

Nilimwambia. Meja akajibu kwamba hali ya hewa ya jeshi haisomwi na wachunga ngamia. Tukaondoka watu kumi, Wafula akiwemo, na mitungi iliyojaa nusu tu.

Tufani lilitukuta njiani saa tisa. Lilikuja kama ukuta, likala jua. Lori likavuta vumbi, likakohoa, likazima. Tulikaa tumelipa mgongo kama tulivyofundishwa. Lilipopungua, redio ilishika kidogo. Nikaita kambi. Sauti ya Meja ikaja: bauza halijafika, barabara imefunikwa, tusubiri. Nikauliza kama mkubwa alitua. Akasema, "Aligeuka njiani."

Kwa hiyo hakuna aliyetua. Maji yale hayakumlaki mtu.

Kesho yake asubuhi Abdinoor alienda kwa miguu kutafuta kisima. Alikuta foleni ya mifugo ya watu waliotoka mbali, na zamu kisimani huko ni jambo la damu. Wale watu walipomsikia wakasukuma ngamia wao nyuma. "Mtu kwanza," walisema. Wakampa ngamia wawili wa kubeba, maji na maziwa. Alifika alasiri. Sisi tisa tuliobaki tulikunywa. Wafula tulimwosha uso.

Ripoti ilisema marehemu alikaidi amri ya kutunza maji, akamwaga yake. Nilikataa kutia sahihi. Meja Lemondo akafunga mlango wa ofisi, akaongea kwa upole kabisa: "Unataka tuandike nani alimwaga maji? Mpira ulishikwa na nani, Koplo?" Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni ya darasa la nane, inasomeka vizuri.

Nimestaafu sasa. Watu huniuliza kama nakumbuka risasi. Nakumbuka harufu ya mchanga uliolowa, ile ambayo watu wengine huiita nzuri. Mvua ya kwanza ikinyesha huku kwetu Mwingi, naingia ndani.

Mwaka jana nilienda Bungoma. Mama Wafula amezeeka, lakini barua ya jeshi, pamoja na nakala ya ile ripoti, bado anayo, ameifunga kwa nailoni isipate unyevu. Akaniuliza, "Mwanangu nilimlea akichota maji mtoni kila siku. Huyo anaweza kumwaga maji?"

Nikamwambia yote, na sahihi yangu nikamwonyesha pale chini. Hakunifukuza. Alinimiminia chai, kisha akainuka akafunga mlango, maana upepo ulikuwa umeanza kupuliza vumbi la uani. Sikuweza kuinywa ile chai.

Nilipoaga akasema, "Wewe umekuja. Na yule aliyekuamuru?"

Meja Lemondo, nyumba ya Mama Wafula si ngumu kuipata, na wewe una gari. Beba barua nyingine yenye ukweli, na sahihi yako iwe juu ya yangu. Mimi nimeshajibu kwa nini niliushika mpira. Mama anangoja kusikia kutoka kwako ni nani aliyesema maji yamwagwe.